Nani Alipe, Nani Anufaike: Uchumi wa Umeme wa Upepo Unaovuka Mipaka

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Leo nina hoja moja: umeme wa upepo unapovuka mpaka, faida yake kwa jumla ni kubwa, ila haiwafikii wote waliobeba gharama, na hapo ndipo ushirikiano mwingi unapokwama, mara nyingi kuliko kwenye ufundi.

Faida yenyewe ni ya kweli. Upepo hauvumi kwa nguvu ileile kila mahali kwa wakati mmoja, hivyo kadiri mitambo inavyotawanyika katika eneo pana, ndivyo upungufu wa upande mmoja unavyofidiwa na wingi wa upande mwingine. Nchi iliyojifungia hukutana na tatizo ambalo wawekezaji wanalijua vizuri: siku ya upepo mkali mitambo yote huzalisha kwa pamoja, bei huporomoka, pengine hadi chini ya sifuri, na mzalishaji huambulia kidogo siku ileile aliyozalisha sana. Kebo inayofika kwa jirani humpatia mnunuzi mwingine. Kebo ya NorNed, yenye urefu wa kilomita 580 na uwezo wa megawati 700, imekuwa ikiunganisha Norwei na Uholanzi tangu mwaka 2008. Umeme wa bei nafuu unapoingia, Norwei hubakiza maji katika mabwawa yake. Bei inapopanda, huyafungulia yazungushe mitambo.

Tusogee karibu zaidi, hadi Kriegers Flak katika Bahari ya Baltiki, mahali ambapo maeneo ya bahari ya Denmark, Ujerumani na Uswidi yanapakana. Mpango wa awali ulizihusisha nchi zote tatu, kisha Uswidi ikajitoa. Mbili zilizobaki ziliendelea, na mwaka 2020 zikazindua kiungo cha takriban megawati 400 kati ya mashamba yao ya upepo, yaani makundi ya mitambo ya upepo iliyosimamishwa baharini, ili kebo zinazoleta umeme wa upepo nchi kavu zibebe pia umeme wa biashara kati ya nchi hizo. Hesabu yake inavutia: kebo ya shamba la upepo hujaa pale tu upepo unapokuwa mkali, na saa nyingine sehemu ya uwezo wake hukaa bure ingawa ilikwisha kulipiwa. Hata hivyo, mashariki ya Denmark imo katika gridi ya Nordiki na Ujerumani imo katika gridi ya Ulaya bara, na mapigo ya gridi hizo mbili hayaendi sambamba, kwa hiyo ikalazimu kujenga kituo cha kugeuza umeme huko Bentwisch, upande wa Ujerumani.

Swali gumu zaidi ni la bei. Shamba lililounganishwa na nchi mbili liuze kwa bei ya nani? Tuseme, kwa kiasi kilekile cha umeme, nchi moja inanunua kwa euro 80 na nyingine kwa euro 40. Shamba likifanywa kuwa eneo la bei linalojitegemea, yaani sehemu ya soko yenye bei yake yenyewe, na njia ya kwenda kwenye bei ya juu ikajaa, mwenye shamba hulipwa euro 40, na ile tofauti huwaendea wenye gridi kama mapato ya msongamano. Nionavyo mimi, sehemu ya mapato hayo inapaswa kurudi kwa mwekezaji. La sivyo atadai ruzuku kubwa zaidi, na itakayotolewa ni fedha ya mlipakodi.

Halafu yupo mtumiaji wa kawaida. Nchi ya bei nafuu inapounganishwa na nchi ya bei ghali, wazalishaji wake hufurahi na kaya zake hulipa zaidi. Mwezi Juni 2024 serikali ya Uswidi ilikataa kebo ya Hansa PowerBridge ya kwenda Ujerumani, iliyokusudiwa kuwa ya megawati 700, ikihofia kwamba bei zingepanda kusini mwa nchi, na ikataja kwamba soko la Ujerumani halikugawanywa katika maeneo ya bei. Siwezi kuuita uamuzi huo ubinafsi. Mkazi wa kusini mwa Uswidi angeona ongezeko kwenye bili yake kila mwezi, ilhali nafuu ingepatikana ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha kwa maandishi fungu lake ni lipi.