Mapindo ya Jenomu: Mifuatano Inayojirudia katika Virusi vya Jamii ya Ndui

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wataalamu wa maabara, na wanafunzi mliofika jioni hii licha ya foleni za Dar es Salaam, nawashukuru.

Tangu Wizara ya Afya ilipotangaza, mwezi Machi 2025, kwamba Mpox imethibitishwa nchini, tumezungumza sana juu ya kinga na tiba. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo kila anayeendesha kipimo cha PCR (kipimo kinachotafuta DNA ya kirusi kwa kuinakili mara nyingi) hulitegemea bila kulitaja, yaani vipande vya DNA vinavyojirudia katika jenomu, ndiyo DNA yote ya urithi, ya kirusi hicho na ya ndugu zake: ndui yenyewe, ndui ya kuku, mapele ngozi yanayowasumbua wafugaji wa ng'ombe, na vaksinia, kirusi kilichotupatia chanjo ya ndui.

Jenomu ya virusi hivi ni uzi mrefu wa DNA ya nyuzi mbili. Ya Mpox ina besi, yaani herufi za DNA, zipatazo 197,000, na ya ndui ya kuku hufikia 288,000. Ncha zake hazikuachwa wazi: uzi mmoja ukifika mwisho hujikunja kitanzi na kurudi ukiwa uzi wa pili, kiasi kwamba nyuzi hizo zikitenganishwa hupatikana duara moja kubwa. Jambo hilo lilionyeshwa kwa vaksinia mwaka 1974.

Chukueni mfano wa kanga. Katikati kuna mji, ubavuni kuna mapindo, na ukiizungusha hata upande wa kulia ukawa wa kushoto, pindo utakaloliona ni lile lile (jina tu ndilo litakalosimama kichwa chini). Jenomu ya virusi hivi imefumwa hivyo. Mji wake una jeni za kazi za lazima, kama kunakili DNA na kujenga kirusi kipya, na jeni hizo hufanana sana katika jamii nzima. Kuelekea mapindoni kuna jeni za kupambana na kinga ya mwili, na hapo ndipo ndugu hawa hutofautiana. Pindo lenyewe, lililo sawasawa katika ncha zote mbili, lina besi kama 10,000 katika vaksinia na kama 6,400 katika Mpox, ilhali katika ndui halifiki hata 1,000.

Ndani ya pindo mna marudio madogo zaidi. Katika vaksinia iliyochunguzwa miaka ya mwanzo ya 1980, kipande cha besi 70 kilikutwa kimepangwa mfululizo katika makundi mawili ndani ya pindo, mara 13 katika moja na mara 17 katika jingine. Idadi hizo hazitulii, kwa sababu kirusi kinapojinakili, molekuli mbili zinazofanana zinaweza kushikana mahali pasipolingana na kubadilishana vipande, moja ikaondoka na marudio mengi na nyingine machache. Ni kama waimbaji wawili wanaopokezana kibwagizo kile kile hata wakapoteza hesabu.

Je, marudio yana faida kwa kirusi? Jibu linalonivutia zaidi lilitoka Marekani mwaka 2012, katika utafiti wa Nils Elde na wenzake. Watafiti walikiondolea kirusi cha vaksinia jeni ya E3L, mojawapo ya silaha zake dhidi ya PKR, protini inayozuia seli iliyoambukizwa isiendelee kutengeneza protini. Kirusi kilibaki na K3L, silaha dhaifu katika seli za binadamu. Baada ya vizazi vichache vya kukuzwa humo, nakala za K3L zilikuwa zimeongezeka, jenomu ikarefuka, na kirusi kikapata nafuu kwa wingi wa nakala tu. Wingi huo uliongeza pia nafasi ya badiliko lenye manufaa kutokea katika mojawapo ya nakala. Likatokea, tena la amino asidi moja tu. Nakala za ziada zikaanza kuwa mzigo usio wa lazima, na jenomu ikaweza kusinyaa tena. Kwa hiyo siafiki desturi ya kuyaita marudio takataka za jenomu.

Nirudi maabara. Mashine nyingi za kusoma DNA husoma vipande vya besi 150 hadi 300, na programu ya kuviunganisha haiwezi kujua kipande cha pindo kimetoka ncha ipi. Hukirundika mahali pamoja, na mchambuzi mgeni hushangaa kuona kina cha usomaji, yaani idadi ya vipande vilivyosomwa mahali pamoja, kimekuwa maradufu hapo. Yapo mapindo yaliyonakiliwa kwenye hifadhidata kwa kudhania tu.

Kwa PCR, jeni iliyo ndani ya pindo huonekana shabaha nzuri, maana kila kirusi kinazo nakala mbili. Mojawapo ni jeni ya kipokezi cha TNF (protini ya mwili inayoamsha kinga), inayolengwa na vipimo kadhaa vya Mpox. Mwaka 2022 wagonjwa wachache wa California walikutwa na virusi vilivyopoteza sehemu ya jeni hiyo, na mamlaka za Marekani zikatahadharisha kwamba vipimo vinavyoitegemea vinaweza kutoa majibu hasi kwa mgonjwa halisi. Wakati wa mlipuko wa Mpox wa mwaka huo zilisomwa pia jenomu ambazo kipande cha ncha moja kilikuwa kimehamia ncha ya pili na kufuta kilichokuwapo. Nakala mbili zinazoweza kuandikiana upya namna hiyo si mashahidi wawili wanaojitegemea, na ndiyo maana kwenye benchi langu kipimo kinachogusa pindo huambatana na kingine kinachogusa mji.