Chatiboti yako isiseme "vipo" wakati viatu vimeisha

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunashika jambo moja: mteja akiiuliza chatiboti ya duka lako, yaani programu inayojibu meseji za wateja yenyewe, "ipo?", apate jibu la kweli. Nitaonyesha kwa duka letu la viatu hapa Kariakoo, ambalo tovuti yake inatumia WooCommerce, mfumo wa kuuzia bidhaa mtandaoni. Kama wewe uko Shopify au mfumo mwingine, vitufe vitakuwa na majina tofauti, lakini kazi ni ileile.

Jambo hili nimelivalia njuga kwa sababu ya mama mmoja. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa. Alitoka Mbagala na mwanawe kufuata viatu vyeusi vya shule, saizi 37. Chatiboti yetu ilimwambia vipo. Alipofika akanionyesha meseji kwenye simu, na mimi najua 37 ya mwisho iliuzwa jana yake. Mtoto alikuwa ameshavua kandambili, amekaa kwenye kistuli anasubiri kupimishwa. Nilimrudishia nauli yake, nikamwomba radhi, ila siku yake ilikuwa imeshapotea.

Usiku ule nilitafuta kosa, nikalikuta. Desemba nilipakia katalogi ya PDF kwenye chatiboti, na ndani niliandika idadi ya kila kiatu. Januari ilikuwa bado inajibu kwa hesabu za Desemba.

Basi hatua ya kwanza ni hiyo. Fungua sehemu ulikoweka maelezo ya kuifundisha chatiboti, kama unavyoona kwenye skrini, na ufute kila kitu kinachobadilika kila siku. "Zimebaki pea 12", toa. "Mzigo mpya umeingia", toa. Acha yale yanayodumu: ngozi ya aina gani, duka liko mtaa gani, kubadilisha kiatu ni ndani ya siku ngapi. Idadi isikae kwenye maandishi kabisa.

Hatua ya pili haina kompyuta. Funga duka, hesabu. Na usihesabu maboksi, fungua kila boksi. Sisi tulikuta boksi la 38 ndani yake kuna 39, na boksi jingine lina miguu miwili ya kushoto. Ukiunganisha chatiboti na hesabu mbovu, utakuwa umeipa uongo mpya badala ya ule wa zamani.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo twende polepole. Ingia kwenye bidhaa, kiatu cha shule cheusi. Hiki tumekiingiza kama bidhaa moja yenye saizi 35 mpaka 42. Angalia hapa juu: mfumo unasema kipo. Ni kweli kipo, kwa sababu 41 na 42 zimejaa. Lakini mteja hanunui "kiatu cha shule", ananunua 37. WooCommerce huhesabu bidhaa mama, yaani ile moja inayobeba saizi zote, kuwa ipo maadamu hata saizi moja imebaki, na chatiboti ikisoma hapo juu tu itamwambia kila mtu "vipo".

Kwa hiyo shuka mpaka kwenye orodha ya saizi. Fungua 35, weka tiki kwenye kisanduku cha kufuatilia stoku, andika idadi yake. Fungua 36, fanya hivyohivyo, mpaka 42. Usiandike namba moja juu ukadhani inatosha, maana saizi zote zitachota kwenye namba hiyo hiyo. Na ukiwa hapo, hakikisha umezima ruhusa ya kuagiza bidhaa hata ikiisha, isipokuwa kama kweli unaagiza mzigo kwa oda. Ukiiacha wazi, kiatu kitaendelea kuonekana kinanunulika hata stoo ikiwa tupu.

Sasa tunaunganisha. Nenda kwenye mipangilio ya WooCommerce, kichupo cha "Advanced", sehemu ya REST API, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia kusoma taarifa za duka lako, tengeneza ufunguo mpya. Upe ruhusa ya kusoma tu. Chatiboti haina sababu ya kubadilisha kitu kwenye stoo yako. Nakili ufunguo, uweke kwenye chatiboti mahali pa kuunganisha mifumo ya nje, na uilekeze isome stoku ya saizi, siyo ya bidhaa mama. Halafu andika maelekezo haya, mimi nimeyaandika kwa Kiswahili kabisa:

"Mteja akiuliza kama kiatu kipo, angalia stoku kwanza, hata kama uliangalia mwanzoni mwa mazungumzo. Kama hajataja saizi na rangi, muulize. Pea zikiwa 2 au chini ya hapo, sema zimebaki chache na umkabidhi kwa mhudumu athibitishe. Usiahidi kumwekea mtu kiatu. Mfumo usipojibu, sema utaulizia dukani, kisha mkabidhi kwa mhudumu."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mtandao ukikatika, chatiboti hizi za kisasa hazinyamazi. Zinaweza kujaza pengo kwa jibu linalosikika vizuri, na mteja hana namna ya kujua. Na usifikiri utajitetea kwa kusema "hiyo ni kompyuta". Februari 2024, baraza la kuamua migogoro la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi na chatiboti ya tovuti yao kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu ya anayesafiri kwa sababu ya kufiwa. Shirika lilijaribu kusema chatiboti inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza likakataa hoja hiyo. Kinachosemwa na chatiboti yako umekisema wewe.

Kaunta je? Hapo ndipo hesabu inapovuja. Mdogo wangu akiuza pea mkono kwa mkono, anaingia kwenye programu ya WooCommerce kwenye simu na kuipunguza kabla hajafunga mfuko. Tulianza kwa kuandika daftarini tuingize jioni, haikufaa. Kati ya saa nne asubuhi na jioni, mwezi wa Januari, saizi nzima inaweza kwisha.

Oda za mtandaoni ambazo hazijalipiwa nazo zinashika stoku. WooCommerce huzishikilia dakika 60 usipobadilisha, kisha huziachia. Sisi tumeacha 60, maana mteja wa lipa namba wakati mwingine anasubiri kutumiwa hela na ndugu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na linauma vilevile: kusema "hakuna" wakati kipo. Dada mmoja aliuliza sandali za damu ya mzee, chatiboti ikajibu hatuna. Zilikuwepo pea saba! Kwenye mfumo rangi hiyo tuliiandika "maroon". Pitia mazungumzo ya wiki nzima, kusanya maneno ya wateja wenyewe, na uyaweke kwenye maelezo ya bidhaa: damu ya mzee, rangi ya maziwa, raba, viatu vya kudumbukiza. Wa Mombasa atakuuliza "iko?", wa Dar "ipo?", mwingine ataandika "bado mnazo", na wote wanataka jibu lile lile.

Sasa tujaribu pamoja. Nenda kwenye saizi 37, weka 0, hifadhi. Chukua simu yako, siyo kompyuta uliyofanyia kazi, uandike kama mteja: "Habari, viatu vya shule 37 vipo?" Ikisema vipo, rudi hatua ya tatu. Ikisema vimeisha, weka 5, uliza tena kwenye mazungumzo yaleyale. Jibu lazima libadilike. Mwisho, haribu herufi moja kwenye ufunguo wa API kwa makusudi, uliza kwa mara ya tatu. Hapa unataka kusikia "ngoja nikuulizie dukani", na simu ya mhudumu iite. Ikiita, rudisha ufunguo kama ulivyokuwa, irudishe 37 kwenye idadi yake halisi, na uliza mara moja ya mwisho kabla hujafungua duka.