Sandwichi za mali kauli, na migebuka wa Baraka

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Tuko Mwanga, Kigoma, mvua imetupisha, kwa hiyo bati halitatusumbua leo. Tulipanga masomo matano kwa mwenye mgahawa mdogo wa kahawa anayetafuta sandwichi za kuuza. Ila kwanza niseme la Jumatano.

BARAKA: Sema, dada. Nimelisubiri.

ZUHURA: Mama anayenitengenezea sandwichi za mgahawa wangu kanitumia ujumbe asubuhi: kuanzia Jumatatu hakuna tena mali kauli, ile ya kuuza kwanza ndipo nimlipe zilizotoka. Nilipe zote anaposhusha, na zikibaki zisirudi kwake.

BARAKA: Yuko sahihi kabisa.

ZUHURA: Ngoja basi watu wasikie hesabu. Tuseme napokea 20. Kwake ni 2,000, mimi nauza 3,000. Zikitoka 14 naingiza 42,000. Kama nimelipa zote, 40,000 imeshaondoka. Nabaki na 2,000, na hapo sijagusa umeme wa friji wala mshahara wa binti wa kaunta. Zikitoka 13, nimekula mtaji.

BARAKA: Igeuze upande wake sasa. Kwa mali kauli unamlipa hizo 14 tu, 28,000. Mkate, mayai, kuku, gesi, weka 1,300 kwa kila moja. Zote 20 zimemla 26,000. Naye kabaki na 2,000 vilevile, na kaamka saa kumi alfajiri.

ZUHURA: Lakini wateja nimewatafuta mimi. Kodi nimelipa ya miezi sita mbele, niuze nisiuze.

BARAKA: Halafu tatizo ni hiyo kuku. Kuku ghali. Weka migebuka, samaki wetu wa ziwani.

ZUHURA: Jamani, kaanza. Tangu kipindi cha maandazi mtu huyu ni migebuka tu.

BARAKA: Na sitaacha! Tuna ziwa hapo chini, halafu mtu wa Kigoma anauziwa mkate wenye soseji iliyotoka Dar. Chukua mgebuka wa moshi, mzuri, wa pale Kibirizi. Toa uti, chambua nyama kwa vidole, kamulia ndimu. Kitunguu ukioshe kwa chumvi. Pilipili mbuzi kidogo. Mkate upake siagi mpaka ukingoni, ndimu isipenye. Nani atakataa?

ZUHURA: Kahawa itakataa. Nachukua arabika ya Kalinzi, nakaanga mwenyewe. Kahawa inavuta harufu, mdogo wangu. Ilaze karibu na samaki wa moshi, kesho mteja anakunywa supu.

BARAKA: Samaki akae kwenye chombo chenye mfuniko, kahawa kwenye mtungi wake.

ZUHURA: Na ziwa likifungwa? Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa samaki wazaliane. Miezi mitatu ubaoni niandike nini?

BARAKA: Andika mayai. Embe nazo zina msimu na hakuna aliyefunga genge.

ZUHURA: Kuna msikilizaji wa Ujiji alituandikia wiki iliyopita, anataka migebuka wa mawese ndani ya mkate. Baraka, umewaharibu watu.

BARAKA: Huyo nampenda, ila mkate wa slesi utalowa kabla hajafika barabarani. Mawese yanataka chapati. Chapati ya jana, ipashwe, izungushwe.

ZUHURA: Ikiwa chapati, kwa nini aje kwangu? Mama lishe wa hapo nje anauza bei nafuu, na anaipika vizuri kuliko mimi. Mimi nataka kitu cha kumkalisha mtu na kikombe, aongeze cha pili. Turudi kwa mama wa watu, muda unakwenda.

BARAKA: Turudi. Mama yangu alipeleka maandazi madukani hivyohivyo, mali kauli. Jioni anazunguka na ndoo kukusanya yaliyobaki. Mwenye duka hakupoteza hata thumni. Yaliyorudi ndiyo tulikula usiku, na mtaji wa kesho umeyeyuka ndani yake. Kwa hiyo ukiniambia mwenye friji ndiye anayeumia, dada, sikubali.

ZUHURA: Pole kwa hilo, na nalisema kwa moyo. Lakini duka likifungwa, huyo mama atapeleka wapi? Namwambia tugawane: zikibaki sita, tatu zake, tatu zangu.

BARAKA: Tatu kwako ni pungufu ya siku. Tatu kwake ni mkate wa kesho. Nusu kwa nusu si sawa kama mifuko hailingani.

ZUHURA: Mfuko wangu umeuona wewe?

BARAKA: Basi mpe oda jioni, umjulishe na siku ya treni, maana siku hiyo watu ni wengi. Asikisie yeye peke yake.

ZUHURA: Oda nitampa. Hasara yote siibebi.

BARAKA: Nami sitasema ni haki aibebe yeye.

ZUHURA: Wenye kwaya wanagonga, chumba ni chao sasa. Yale masomo matano hatujayagusa.

BARAKA: Sema la friji angalau, lina afya za watu.

ZUHURA: Haraka: sandwichi ya kuku, mayai au mayonezi ikae chini ya nyuzi 5. Ikishinda mezani zaidi ya saa mbili, na joto letu hili, usimuuzie mtu. Mengine yatangoja.

BARAKA: Na Jumatatu unachukua ngapi?

ZUHURA: Kumi na mbili, nalipa taslimu.

BARAKA: Atakayekuja saa sita akute hakuna?

ZUHURA: Atakunywa kahawa.

BARAKA: Kwa hiyo mama wa watu kapoteza nane.

ZUHURA: Kapata kumi na mbili za uhakika. Kwaya, ingieni.