Yoga, Juisi na Figo za Mgonjwa wa Kisukari

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi mmeniuliza kama yoga inaponya figo. Haiponyi. Sehemu ya figo iliyokwisha kuwa kovu kwa sukari ya miaka mingi hairudi. Lakini mazoezi haya husaidia kushusha presha, na presha ndiyo inayozidi kuzichakaza figo za mwenye kisukari, kwa hiyo siyapuuzi hata kidogo. Kuvuta pumzi taratibu, kujinyoosha, kulala chali mwili umelegea: fanyeni. Ila mwenye macho yaliyoguswa na kisukari asisimame kichwa chini miguu juu, na aliyetengenezewa mkononi mshipa wa kusafishia damu kwa mashine asiuegemee mkono ule.

Kinachonitia hofu ni juisi. Tiba asilia ya India, ambayo vyuoni kwao hufundishwa pamoja na yoga kwa shahada ya miaka mitano na nusu, ina mifungo ya juisi za matunda na maji ya dafu. Mwenye figo nzima huenda asidhurike. Figo iliyochoka hushindwa kutoa madini ya potasiamu, na dafu limejaa potasiamu. Ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Tena kama anachoma insulini, figo dhaifu huchelewa kuiondoa mwilini, basi akiacha kula, sukari humshuka hadi azimie.

Na birimbi, lile tunda chachu, je? Hapa pwani tunalo uani. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, kusini mwa India, waliandika habari za wagonjwa 10 waliokunywa juisi yake. Kule watu huitumia kushusha lehemu, yaani kolesteroli kwenye damu. Figo za wagonjwa hao zilifeli ghafla, na 7 walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Birimbi lina oksaleti, aina ya chumvi ya mimea, nyingi mno, nayo huganda chembechembe ndani ya vijifereji vya figo. Vipande viwili kwenye mchuzi wa samaki si sawa na glasi nzima iliyokamuliwa, inayonywewa tumbo tupu.

Kwa hiyo, kabla ya mfungo wowote, pimeni potasiamu na kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na mwambieni daktari kila mnachokunywa, hata mizizi ya kuchemsha. Dawa za presha na sukari msiziache. Na mwenye kisukari ambaye hajapimwa protini kwenye mkojo mwaka huu aanze na hicho, maana figo huanza kuvuja zamani, kabla miguu haijavimba.