Msiwaoshe watakatifu uso kabla ya kuwaleta darasani

Haya jamani, walimu, makatekista, wazazi, habari za saa hizi. Wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Na mlionisikia mwaka jana najua mnajua ninakoelekea, vumilieni tu, nitalisema tena na nitaendelea kulisema mpaka siku nitakapoacha kuisikia ile sentensi. Mnaijua, ile tunayoanza nayo kuwasimulia watoto watakatifu. "Mtakatifu fulani alizaliwa katika familia maskini yenye kumcha Mungu, tangu utotoni alipenda sala, aliwatii wazazi wake wala hakugombana na wenzake." Nimeisikia ikisomwa kwa mtakatifu wa karne ya 4 na nimeisikia kwa wa karne ya 19, ni ileile, ukifuta jina ukaweka jingine hakuna anayeshtuka. Sasa mtoto wa darasa la 4 akisikia hivyo anajua papo hapo huyu si mwenzangu, maana yeye asubuhi hiyohiyo katoka kumng'ata mdogo wake kisa rimoti. Anakaa kimya, mnadhani anasikiliza kumbe anahesabu vigae vya dari.

Mimi naanza na Augustino. Kila mara. Na siku zote naanzia kwake shuleni, siyo kwenye uaskofu.

Kazaliwa mwaka 354, Tagaste, leo ni Souk Ahras kule Algeria, yaani ni Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, na kile kitabu chake cha Maungamo anakiandika akiwa tayari askofu, mtu wa miaka arobaini na kitu, watu wanambusu mkono. Mtu mwenye cheo kama hicho angeweza kabisa kutuandikia ile sentensi yenu, hakuna ambaye angembishia. Anaandika nini? Anaandika kwamba alikuwa anachapwa shuleni. Kwamba alipokuwa mdogo sala zake za mwanzo mwanzo kabisa ilikuwa ni kumwomba Mungu asichapwe, na akichapwa wakubwa wanacheka, mpaka wazazi wake mwenyewe wanacheka. Mzee mzima anaandika hilo na unasikia bado linamuuma! Anasema na kosa lenyewe lilikuwa kucheza mpira badala ya kusoma, halafu anageuka anamtazama yule mwalimu anayemchapa, anasema huyu naye akishindwa na mwalimu mwenzake kwenye kabishano kadogo tu ka maneno anapandwa na hasira na wivu kuliko mimi nikifungwa mpira.

Naona walimu mmekuwa wapole ghafla.

Anaendelea. Ile nyimbo ya darasani, moja na moja mbili, mbili na mbili nne, anasema aliichukia. Kigiriki alikichukia zaidi. Hadithi za Kilatini ndiyo alizipenda, anamlilia malkia Dido wa kwenye shairi mpaka machozi huku kazi ya shule imelala. Alikuwa anadokoa vitu stoo kwao na mezani, mara nyingine apate cha kuwapa watoto wenzake ili wamwachie vitu vyao vya kuchezea. Kwenye michezo anaiba pointi, na mwenzake akimwibia yeye anawaka moto. Nikifika hapo darasani sijawahi, nasema sijawahi, kukosa mtoto anayenyanyua mkono kuuliza, "huyu ndiye mtakatifu?" Ndiyo huyu. Tulia, mapeasi bado.

Mapeasi sasa. Ana miaka 16, yuko nyumbani hana shule kwa sababu baba yake anatafuta hela ya kumpeleka Karthago kusoma, na nyie mnajua kijana wa miaka 16 asiye na shule wala kazi anaelekea wapi. Karibu na shamba lao la mizabibu kuna mpeasi wa mtu. Usiku mkubwa, wamecheza mpaka wamechoka, wanaenda genge zima wanautikisa ule mti na kuondoka na mzigo wa mapeasi. Na anasisitiza jamani, hayakuwa mazuri, si kwa kuyatazama si kwa kuyala, na kwao yalikuwepo mengi tena bora kuliko yale. Wakaonja mawili matatu, mengine yote wakawamwagia nguruwe.

Kwisha. Hakuna aliyeuawa, hakuna nyumba iliyoungua. Halafu huyu askofu anatumia kurasa na kurasa kujiuliza, niliiba kwa nini? Njaa sikuwa nayo. Mimi hapo huwa nafunga daftari nawauliza watoto swali lilelile, aliiba kwa nini na kwao yapo? Halafu nanyamaza, na huo unyamazaji ndio kazi ngumu maana mwalimu kimya cha sekunde kumi tu kinamuwasha. Siku moja wakajibu weee, alikuwa mchoyo, shetani, hakulelewa vizuri, mara katoto kamoja ka pembeni kasikoongeaga kakasema, "si kwa sababu wenzake walikuwepo." Nikakaa chini. Kwa sababu hilohilo ndilo Augustino analifikia baada ya kuzunguka sana, kwamba peke yangu nisingefanya, ila wenzangu wakisema twende ninaona aibu kutokuwa na aibu. Katoto ka miaka 9 kamefika bila kuzunguka.

Na wala simalizii kwa kusema "kwa hiyo watoto msiibe". Ukisema hivyo umeua kila kitu, naomba mnisikie.

Kuna mtu atasimama, huwa anasimama, aseme mwalimu unawafundisha watoto wizi. Ndugu yangu, kudokoa watoto wanajua bila msaada wangu, angalia sukari yako. Mwingine atasema ni kumvunjia heshima mtakatifu. Heshima ipi, na ni mwenyewe aliyeandika? Una haya kuliko aliyetenda? Petro alimkana Bwana mara tatu na jogoo akawika, iko kwenye Injili zote nne, na waliomwandika walikuwa wafuasi wa Bwana huyohuyo, hawakusema tuifiche watoto wasisikie.

La joka la Mtakatifu Joji mnaniulizaga pia. Joji alikuwa mfiadini, aliuawa kwenye dhuluma za mwanzoni mwa karne ya 4, joka likaja kuungwa kwake mamia ya miaka baadaye. Isimulieni, ni hadithi tamu, ila mtoto akikuuliza ni kweli, mjibu ukweli. Mkimdanganya la joka atafika sekondari alitupe na la Augustino.

La vifo ni refu na muda naona unanikimbia, nalisema haraka. Kizito. Ana miaka 14 hivi, mdogo kuliko wote katika wafiadini wa Uganda, alichomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Watu wakimsimulia wanakimbilia moto, watoto wanarudi nyumbani hawalali. Moto utaje, usiufiche, lakini usikae hapo. Kaa kwenye mkono. Masimulizi yanasema Karoli Lwanga, kiongozi wao, alimwahidi Kizito kwamba saa ikifika atamshika mkono. Mtoto anajua kuogopa na anajua kushikwa mkono, vyote viwili anavyo tayari. Na Lwanga ndiye aliyembatiza siku chache tu kabla ya hapo, kule Munyonyo, usiku, wakijua kinachokuja.

Eeh, nimeonyeshwa dakika tano. Basi nawataja tu mkasome. Teresa wa Avila, kana miaka 7 hivi kanatoroka nyumbani na kaka yake Rodrigo wakafie dini kwa Wamori, yaani Waislamu wa Afrika Kaskazini, inasimuliwa ami yao akawakuta nje ya kuta za mji akawarudisha, baadaye wakawa wanacheza kujenga nyumba za wakaa pweke kwa vijiwe bustanini na vijiwe vinawaangukia, ameandika mwenyewe. Inyasi wa Loyola, mguu umevunjwa na mzinga vitani Pamplona, Hispania, mwaka 1521, mfupa umeunga vibaya umetokeza, akaomba ukatwe kwa msumeno ili buti zimkae vizuri, ni hilo tu, buti! Yuko kitandani anaomba vitabu vya mashujaa na mapenzi havipo, wakampa maisha ya watakatifu. Na baadaye mtu wa miaka 33 anaenda kukaa na watoto kwenye Kilatini cha mwanzo, Barcelona. Hiyo wasimulieni wale wanaorudia darasa.

Bakhita. Ah, Bakhita alihitaji saa nzima. Mtoto wa Darfur, Sudan, ametekwa, kwa hofu amesahau jina lake mwenyewe, na hilo la Bakhita wamempa watekaji, sikio la Kiswahili linasikia bahati humo ndani na ndiyo maana yake, mwenye bahati. Ameuzwa akauzwa tena. Kisha akiwa Italia bibi aliyekuwa anamtumikia anataka kumrudisha Afrika, naye anasema siendi, mpaka mahakamani, na mwaka 1889 mahakama ikasema huyu ni mtu huru. Mkimsimulia msiruke hilo siendi. Mnapenda kumfanya mpole tu.

Nikolao naacha. Monika, mama yake Augustino, nitawapa kwenye chai, yule mama alipokuwa binti alikuwa akitumwa kuteka divai anapiga funda, leo kidogo kesho kidogo mpaka ikawa kikombe, na aliyemponya si padri, ni mjakazi waliyegombana naye akamwita mlevi.

Maswali. Kaka wa shati la bluu, wewe umenyoosha mkono tangu kwenye mapeasi.