Nani Akate Majani?

Wanaonifahamu naona wameshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni majani tena. Nitanyamaza siku nitakayoona mkataba wa pango unaosema zaidi ya "mpangaji atatunza bustani".

Atatunza vipi? Kufyeka ni kutunza, kumwagilia ni kutunza. Je, na kuangusha mti uliokauka? Maneno matatu tu hayo, na kila mtu anayasoma anavyotaka.

Mimi yalinikuta. Nyumba niliyopanga ilikuwa na mti mkubwa nyuma, na tawi moja kavu, nene kama paja, limelalia juu ya jiko. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi nikamwonesha. Akainua macho, akasema, "Nimeliona." Mwezi wa pili nikamkumbusha. "Nitaleta fundi." Mwezi wa tatu hata sikumaliza kusema, akaniambia nisome mkataba, bustani ni jukumu langu. Nikamuuliza kama na kuni zitakuwa zangu. Akanuna. Usiku mmoja wa upepo tawi likashuka lenyewe. Asubuhi tukasimama jikoni mimi na yeye, vipande vya vigae vimejaa kwenye sufuria, tunatazama mawingu kupitia tundu la paa. Mnajua aliniuliza nini? "Mbona hukuniambia?"

Mara tatu! Lakini kwa mdomo. Sikuwa na ujumbe hata mmoja, wala picha. Nusu ya amana yangu, ile pesa niliyomwekea nilipoingia, ikaishia kwenye vigae.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi: kinachoota upya kila wiki ni cha mpangaji, yaani nyasi, magugu, na majani yaliyodondoka. Kinachotaka ngazi, msumeno au fundi ni cha mwenye nyumba: miti mikubwa, ukuta, mizizi inayopasua bomba. Kila mahali pana sheria zake, na mkataba unaweza kugawa vinginevyo, alimradi iandikwe.

Namwona mwenye nyumba mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Mpangaji wako alikata mti kwa sababu ulimzibia mwanga, siyo? Hapo niko upande wako. Nyasi ukizikata leo zitarudi. Mti wa miaka 20 utausubiri miaka 20. Mpangaji aombe ruhusa kwanza, tena kwa maandishi. Ila na wewe, uliyekata amana ya mtu kwa sababu nyasi zilikauka kiangazi, ulimwachia mpira wa maji? Bili ya maji mlikubaliana alipe nani? Fyekeo je? Humpi mtu hata kifyekeo, halafu unamdai zulia la kijani!

Picha basi, haraka. Siku ya kuingia pigeni kila kona ya kiwanja, mtumiane siku hiyo hiyo. Uliyekuta nyasi za magotini, usikubali kudaiwa uwanja wa mpira siku ya kuondoka.

Naoneshwa saa. Nilikuwa na la ua mmoja wenye wapangaji wanne, ambako kila mmoja anamsubiri mwenzake afagie, hilo litangoja. Maua uliyopanda mwenyewe: ya kwenye vyungu beba, ya ardhini uliza kabla hujang'oa. Na wewe dada uliyeinua mkono tangu mwanzo, kama ni la kuku wa jirani wanaochimbua miche, tuonane nje.