Aiskrimu ya moyo mwekundu: leo najibu mnaoniuliza

Mwangaluka, watu wa Mwanza. Mwangaluka Igoma, Buzuruga, Kirumba, na ndugu zangu wa Sengerema ambao siku hizi mnapita juu ya daraja. Tangu nile ile aiskrimu ya kijiti kwenye video ya mwezi wa saba, swali ni hilo hilo: "Dada, hiyo kampuni ya moyo mwekundu ilianzaje, na mashine yake bei gani? Nataka nianze hapa nyumbani."

Kwanza kuna walioandika kwamba najishaua na vitu vya Wazungu. Sijishaui. Naishi Gloucester, Uingereza, na kiwanda kikubwa cha aiskrimu hiyo kiko mji huu huu. Ni kama mtu wa Kirumba kuonekana anakula sato. Na nikifika kwenye mambo ya pesa, tafadhali msiniambie nalalamika, nirudi nyumbani. Naeleza yaliyonipata mimi.

Haya. Inaitwa Wall's, na ilianzia buchani. Richard Wall alikuwa na bucha ya nguruwe London, biashara inayohesabiwa tangu 1786, ukoo ukaendelea hadi kwenye soseji. Tatizo lao lilikuwa miezi ya joto. Jua likiwaka hapa, watu hawataki soseji, mauzo yanaanguka, wafanyakazi wanasimamishwa. Mwaka 1913 Thomas Wall akawaza: miezi ile tutengeneze aiskrimu, watu wasikose kazi. Vita ikaingia mwaka uliofuata, wazo likalala hadi 1922.

Niliposikia hivyo nilimkumbuka marehemu baba. Baba alikuwa mtu wa dagaa. Mnajua mbalamwezi ikitoka inakuwaje: dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na nyumbani mama anaanza kupima unga kwa kikombe. Kila mwezi. Baba alitafuta kitu cha kujaza zile siku, akajaribu mkaa, akajaribu mitumba, mtaji ukamwishia mkononi. Nimelibeba hilo miaka yote. Kwa hiyo mkiniuliza kampuni ilianzaje, mimi sioni habari ya utamu. Naona mtu aliyekataa siku zake za mbalamwezi zipite bure.

Jambo la pili, na hili mlisikilize mnaotaka mashine. Mauzo yao yalikuzwa na kitu ambacho kwetu tungekiita guta. Magurudumu matatu, sanduku la baridi mbele, kijana anakanyaga pedeli mtaa kwa mtaa. Sandukuni pameandikwa "Stop me and buy one", yaani nisimamishe ununue. Mwaka 1924 mauzo yalikuwa pauni 13,719. Kufika 1927, pauni 444,000! Kazini kwangu namhudumia bibi wa miaka 92, ananisimulia alivyokuwa anakimbia kutoka nyumbani na sarafu imebanwa kiganjani, akiogopa guta litapita. Vita ya pili ilipokuja maguta yakachukuliwa kwa kazi za jeshi. Mwaka 1947 wakauza maguta 3,300, pesa wakaiweka kwenye friza za madukani. Guta ndilo lililowakuza kwanza. Biashara ilikuwa mikononi mwa Unilever muda mrefu, hadi 2025 walipoitenga aiskrimu ikawa kampuni yake, The Magnum Ice Cream Company.

Sasa mashine yenyewe, hasa friza. Mwaka juzi nilimtumia mdogo wangu wa Igoma friza lililotumika, nimelinunua pauni 150. Wakala aliyetushughulikia akaniambia nyaraka zote ziko sawa. Mzigo umefika Dar, ananipigia: jina kwenye invoisi halifanani na jina kwenye TIN, ile namba ya mlipakodi, ya mpokeaji. Mimi niliandika jina tunalomwita nyumbani, TIN ina jina la ubatizo. Kwa nini hakuliona mapema, wakati nilimtumia kila karatasi? Friza limekaa wiki saba na gharama ya kuhifadhi inahesabiwa kila siku. Hadi linafika Igoma limenila pauni 610. Kwa pesa hiyo angenunua jipya hapo mjini na akabaki na mtaji wa kuanzia.

Na ilikuwa wakati ule ule wa kuhuisha visa yangu ya ndoa. Ada ya afya tunayotozwa wageni huku peke yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, na unalipa ya miaka yote kwa mkupuo, mbali na ada ya visa yenyewe. Nililia, sitawaficha. Halafu mtu ananiandikia eti "dada unatubania." Iliniuma sana.

Kama ni mimi, kwa hali yangu mimi, ningeanza na guta na sanduku la kutunza baridi, niuze barafu za ukwaju pale wanaposhukia watu wa kivuko cha Kamanga. Wewe una mtaji wako, una majukumu yako, unaujua umeme wa mtaa wako. Pengine kwako mashine ndiyo sawa. Ila ukiletewa mzigo kutoka nje, jina liandike kama lilivyo kwenye TIN, herufi kwa herufi.

Mdogo wangu friza lake linafanya kazi, na yeye naye ni mtu wa dagaa kama baba. Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu. Aliniandikia jioni: mitumbwi imelala, barafu za ubuyu zimeisha saa kumi.